Kopo Lisifunguliwe

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, katikati ya kibanda changu cha kunyolea na meza ya Soli fundi viatu. Ubao umebonyea katikati, kwa hiyo hata ukikaa pembeni utateleza taratibu mpaka ubanane na wenzako, utake usitake. Kila asubuhi hapo kuna jiko la mkaa, birika, na mke wa Soli, ambaye sisi sote tunamwita Shemeji, anatumiminia kahawa huku anatusuta. Leo jiko lipo, birika lipo, Shemeji hayupo. Yuko hospitali. Jana amepasuliwa jicho la kulia. La kushoto lilishazima mwaka jana na halitarudi. Leo daktari akimaliza kuzungukia wodi atamfungua bandeji, na hapo ndipo itajulikana kama anaona au haoni, maana jicho la tatu hakuna. Muuguzi alichukua namba ya Soli akasema atapiga. Kwa hiyo kahawa ya leo kaipika Soli mwenyewe, na mimi Kipara, kinyozi nisiye na unywele hata mmoja, nasema bila kumung'unya maneno: ile haikuwa kahawa, ilikuwa adhabu. Tukainywa yote.

Tulikuwa wanne. Soli mezani kwake, anagonga msumari kwenye kiatu ambacho hakikuhitaji msumari, simu kaiweka mbele yake, kila mara anaitupia jicho. Mimi. Waya, fundi redio, asiyeweza kukaa kimya hata akiwa na tonge mdomoni. Na Wahenga, mlinzi wa ghala la mbao lililo mbele yetu, ambaye analinda kwa kukaa nasi na kuligeukia ghala anapokumbuka. Huyu hawezi kuomba hata kiberiti bila methali, na tangu nimjue sijamsikia akiipachika methali mahali pake. Sote tulikuwa tunaisubiri simu ile kama vile hatuisubiri. Waya ndiye aliyeshindwa kwanza.

Waya: Jamani, hivi mnajua kwamba huu ubao tuliokalia hauna uhakika kama upo?

Mimi: Haya. Ameanza.

Waya: Sitanii, Kipara. Jana nilikuwa natengeneza redio ya mteja, nikanasa kipindi cha sayansi. Profesa mmoja, sauti ya upole, hana papara. Anasema chukua kitu chochote, ubao, kikombe, hicho kichwa chako kinachong'aa, kivunje, kivunje, kivunje mpaka mwisho wa kuvunja, utafika kwenye chembe ndogo. Ndogo mno. Na hizo chembe, ndugu zangu, hazina adabu.

Wahenga: Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Waya: Haihusiani.

Wahenga: Si umesema ndogo ndogo?

Waya: Nisikilize basi! Wanachukua chembe moja. Moja tu. Wanairusha kwenye ukuta wenye madirisha mawili. Inapita wapi?

Mimi: Dirisha lililo wazi.

Waya: Yote yako wazi.

Mimi: Basi lolote lile, mimi inanihusu nini?

Waya: Inapita yote mawili. Wakati mmoja. Chembe moja!

Wahenga: Hapo umedanganywa. Njia mbili zilimshinda fisi, mnyama mzima mwenye miguu minne.

Waya: Subiri utamu wake. Ukiweka mtu achungulie inapita dirisha gani, inachagua moja, inapita kwa heshima zake kama bwana harusi. Mwondoe huyo mtu, inarudia mchezo wake, inapita kote.

Wahenga akakuna kidevu. Nilidhani anaitafuta methali nyingine, kumbe bado yuko kwenye ile ile.

Wahenga: Kwa hiyo fisi alishindwa kwa sababu walikuwa wanamtazama.

Waya: Inawezekana kabisa.

Wahenga: Masikini ya Mungu. Na sisi tumemcheka miaka yote hii.

Mimi: Ngoja, ngoja. Kama hakuna aliyetazama, nani aliyesema imepita kote? Huo si umbea?

Waya: Swali zuri. Nyuma ya madirisha kuna ukuta mwingine. Chembe ikifika pale inaacha alama. Wanarusha moja, wanangoja, wanarusha nyingine. Zisipochunguliwa, alama zinajipanga michirizi michirizi, kama vile mawimbi yametokea madirisha yote mawili yakagongana. Zikichunguliwa, michirizi hakuna. Wamerudia na kurudia, jibu ni lile lile.

Mimi: Basi kuna dirisha moja inapita, ila wao hawalijui. Kutojua kwao siyo kosa la chembe.

Waya: Ndicho nilichofikiri na mimi! Profesa akasema wengi wao wanakataa hilo. Siyo kwamba ina mahali pake na sisi tumefichwa. Haina. Mahali penyewe hapajaamuliwa mpaka ipimwe. Ukipima, ndipo inakuwa.

Mimi: Mbona hayo hata mimi nayaona kazini. Mteja hajawahi kuona kisogo chake. Nikimaliza kunyoa, kabla sijashika kioo cha nyuma, kile kisogo kimenyolewa vizuri na kimenyolewa vibaya. Nikiinua kioo tu, ugomvi unaanza.

Waya: Umeelewa!

Mimi: Kuanzia kesho siinui kioo.

Wahenga: Na ghala langu je?

Waya: Limefanyaje?

Wahenga: Nikisinzia. Nikifumba macho, zile mbao zipo?

Waya: Kwa hesabu ya chembe zake, zipo na hazipo.

Wahenga: Kama hazipo, mwizi ataiba nini? Kumbe nikilala ndiyo ulinzi wenyewe! Bosi wangu anahitaji kuelimishwa.

Mimi: Usimwelimishe. Bado tunakuhitaji hapa.

Wahenga: Na mama mkwe wangu? Alikuja kututembelea, hajasema anaondoka lini. Nikiwa huku kazini, yupo?

Waya: Hajaamuliwa.

Wahenga: Nitaomba na zamu ya usiku.

Tukacheka, Waya akapigapiga ubao kwa kiganja. Soli hakucheka. Niseme ukweli hapa: hakuna kati yetu aliyejali madirisha wala chembe. Tulikuwa tunamchunga Soli. Kila alipoigeukia simu, mmoja wetu alipandisha ujinga juu kidogo ili atugeukie sisi. Rafiki akiwa katika hali ile huwezi kumsaidia lolote, unaweza kumpigia kelele tu.

Waya: Halafu kuna wengine wanasema chembe haichagui kabisa. Dunia ndiyo inapasuka. Katika dunia moja imepita kulia, katika nyingine imepita kushoto. Kila kinachoweza kutokea kinatokea, kila kimoja na dunia yake.

Mimi: Yaani kuna dunia mimi nina nywele?

Waya: Mpaka mabegani.

Mimi: Na nani ananinyoa huko?

Wahenga: Kinyozi hajinyoi.

Mimi: Wahenga! Hiyo umeipatia!

Wahenga: Eh? Samahani, imenitoka tu.

Waya: Na bado. Kuna chembe pacha. Zikizaliwa pamoja, moja ukaipeleka mwisho wa dunia, ukiipima hii ya hapa, ile ya kule nayo inakuwa papo hapo. Haijapigiwa simu, haijatumiwa mtu.

Soli akainua kichwa. Hakuwa amesema neno tangu atumiminie ile adhabu yake.

Soli: Hilo mbona la kawaida. Chukua jozi ya viatu. Kimoja tia kwenye boksi hili, kingine kwenye boksi lile, lile lipeleke mbali. Nikifungua langu nikakuta cha kushoto, najua kule kuna cha kulia. Hakuna uchawi hapo.

Waya: Soli! Hayo hayo ndiyo wakubwa waliyobishania! Lakini viatu vyako wewe umevishona. Kimoja kilikuwa cha kushoto tangu kiko mezani. Hizi chembe siyo hivyo, na wamepima wakahakikisha. Ndani ya boksi hakuna cha kushoto wala cha kulia. Kuna kiatu tu, hakijaamua mguu. Ukifungua, ndipo kinakuwa.

Soli: Kabla sijafungua?

Waya: Bado.

Soli: Hakuna mtu aliyekwisha kukishona upande wowote?

Waya: Hakuna.

Soli: Kwa hiyo kufungua ndiko kunakoharibu.

Waya: Au kunakotengeneza. Ni bahati.

Soli akaweka nyundo chini. Akainama akatoa kopo la kahawa, tupu, alilolimaliza asubuhi ile ile kwa kukosea vipimo. Akachukua simu yake, akaitumbukiza ndani, akafunga kifuniko, akakigonga kwa ngumi kikakaa. Kisha akaja akaliweka kopo juu ya ubao, kati yangu na Waya, akarudi kwenye kiti chake.

Soli: Lisifunguliwe.

Mimi: Soli, ndugu yangu, unafanya nini?

Soli: Muuguzi atapiga. Nikipokea, imekuwa. Nisipopokea, bado anaona.

Waya: Bado anaona na bado haoni. Yote mawili, Soli.

Soli: Hilo la pili baki nalo wewe. Mimi nachukua la kwanza.

Nilimtazama usoni nikitafuta kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameichukua tena nyundo, anakigonga kiatu kwa mpini wake. Waya naye akaona.

Waya: Aisee, Soli, mimi nilikuwa naongea habari za chembe. Vidude visivyoonekana hata kwa hadubini. Shemeji siyo chembe.

Soli: Ametengenezwa na nini?

Waya: Na... chembe.

Soli: Na jicho lake?

Waya: Chembe.

Soli: Basi nionyeshe mpaka. Chembe moja haijaamua, sawa. Mbili? Kapu zima? Ni ya ngapi hiyo inayoanza kuwa na uhakika?

Waya: Hapo sasa...

Soli: Profesa alisemaje?

Waya: Alikuwa anafika hapo hapo. Akasema, sasa mpaka kati ya vitu vidogo na vitu vikubwa uko wapi, hata sisi wataalamu, halafu redio ikazima.

Mimi: Ikazima?

Waya: Si ilikuwa mbovu! Kwa nini unafikiri ililetwa kwangu?

Na hapo hapo kopo likalia. Mlio wenyewe ulikuwa umezibwa, lakini mtetemo ulilifanya lile bati lingurume na kutambaa juu ya ubao, na kwa kuwa ubao umebonyea likawa linateremka polepole kuelekea kwenye paja langu. Sijawahi kuogopa kopo maishani. Lile nililiogopa.

Mimi: Soli, pokea.

Soli: Kipara, ukiligusa, mimi na wewe basi.

Likafika pajani, likatetemeka, likanyamaza. Jikoni mkaa ukapasuka, tukaruka wote.

Wahenga: Wahenga walisema, mficha maradhi...

Mimi na Waya: Wee!

Wahenga: Sikuwa naimalizia!

Mimi: Wewe zako zote zinakwenda upogo, kwa nini hii ndiyo ikawa inakwenda sawa?

Wahenga: Nisameheni. Lakini jamani, Soli ana hoja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mmesikia ilivyoanza? Ukiona! Kuhusu usipoona, wahenga hawakusema kitu. Waliacha nafasi.

Akasimama, akachukua rungu lake, akaja akajipanga nyuma ya kopo, kifua mbele.

Wahenga: Nitalilinda mimi.

Mimi: Wewe unayelala kwenye ghala?

Wahenga: Ghala ni kubwa, linachosha. Hili ni dogo.

Nikaona hapa nisipotumia akili tutakesha. Nikamgeukia Soli kwa utaratibu, sauti ile ninayotumia kwa watoto wanaoogopa mashine ya kunyolea.

Mimi: Soli, muuguzi ni mtu au siyo mtu?

Soli: Ni mtu.

Mimi: Ana macho?

Soli: Anayo.

Mimi: Basi yeye keshatazama. Likishatazamwa na mtu mmoja limekwisha kuwa. Wewe hapa unalinda kopo tupu.

Soli: Kwake limekuwa. Kwangu bado.

Mimi: Waya, mwambie hilo halipo!

Waya: Kipara, samahani, lipo. Na lenyewe wanalibishania. Mtu yuko ndani ya chumba amekwisha kuona, rafiki yake yuko nje hajaambiwa. Kwa wa ndani imekuwa, kwa wa nje bado. Nani mkweli? Profesa alisema hilo linawanyima watu usingizi.

Mimi: Wewe na profesa wako mtaniua.

Wahenga: Na nzi je?

Waya: Nzi gani?

Wahenga: Nzi aliye dirishani wodini. Yeye si ana macho mengi kuliko muuguzi? Akitazama nzi inahesabika?

Soli alikuwa anaviringisha uzi kwenye kidole, anaufungua, anauviringisha tena. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ndogo, Wahenga akashusha rungu ili asikie.

Soli: Mwaka mzima huu, mlishamwona akimwaga kahawa?

Mimi: Shemeji? Hata tone.

Soli: Basi alikuwa haoni kikombe. Daktari ndiye aliyeniambia, baada ya kumpima. Alikuwa anasikiliza. Kikombe kikikaribia kujaa sauti inabadilika. Na ninyi alikuwa anawajua kwa kukohoa kwenu. Mimi nimekaa hapa, yeye yuko pale, mkono wangu unamfikia. Namtazama kutwa. Sasa niambieni, nilikuwa natazama nini?

Roho iliniuma, sitaficha. Nikakumbuka jinsi Shemeji alivyozoea kuniambia, "Kipara, leo umekuja na mafua," kabla sijaketi, nami nikijisifu kwamba ananijali. Kunijali alinijali. Waya akajifuta pua kwa mkono wa shati.

Waya: Soli, kwani kwa nini usiende kule ukakae naye?

Soli: Alinifukuza. Jana jioni aliniambia, nenda kesho ukawapikie wenzako kahawa, ukikaa hapa utanihemea tu. Dada yake alilala naye.

Mimi: Basi dada yake yuko naye.

Soli: Aliondoka alfajiri. Ana zamu kiwandani.

Kopo likalia tena. Safari hii lilikwama kwenye ufa wa ubao, likawa linapiga kelele papo hapo. Wahenga akaliinamia na rungu lake kana kwamba kuna mtu anayetaka kutoka mle ndani. Tulikuwa katika hali hiyo, wanaume wanne wazima tumelizunguka kopo, alipotokea dada mmoja tusiyemjua, anachechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mkanda umekatika.

Dada: Shikamooni, wazee wangu.

Waya: Marahaba, lakini mzee hapa ni Kipara peke yake.

Dada: Fundi ni nani? Nimekatikiwa na mkanda nikiwa njiani, nawahi kazini.

Soli alikipokea kile kiatu kwa pupa, kama mtu aliyepewa maji. Akachukua sindano, akaanza kushona. Yule dada akaketi mwisho wa ubao, akateleza mpaka akanifikia, kama desturi. Kopo likanyamaza, likaanza tena.

Dada: Simu yenu inalia ndani ya kopo.

Wahenga: Tunajua, binti.

Dada: Hampokei?

Tukaanza kumweleza, wote kwa pamoja. Waya akamweleza madirisha, Wahenga akamtetea fisi, mimi nikamweleza bandeji na jicho la kushoto na daktari anayezungukia wodi, na kwamba kopo likifunguliwa neno litakuwa limetoka. Yeye alisikiliza mpaka mwisho bila kumkata mtu kauli. Hatukuzoea kutendewa hivyo, tukaishiwa maneno mapema.

Dada: Nimewaelewa. Mnaogopa mkitazama.

Waya: Kwa ufupi, ndiyo.

Dada: Na mama mwenyewe? Bandeji ikifunguliwa, kama anaona, atamwona nani?

Waya akafungua mdomo. Nilimwona anaitafuta redio kichwani mwake, anazungusha kitufe, hapati kitu. Wahenga alitutazama mmoja mmoja, methali hana. Mimi nilitaka kusema daktari, nikaona aibu. Saa nzima tumebishana nani anatazama na nani hatazami, nzi tumempa nafasi yake, fisi tumemwombea msamaha, na hatukuwa tumefikiria hata mara moja kwamba mwenye kutazama leo ni Shemeji.

Soli: Atamwona daktari.

Dada: Anamfahamu?

Soli: Hapana. Hajawahi kumwona.

Sindano ikasimama katikati ya kiatu. Soli akanyanyuka na kiti kikaanguka nyuma yake. Hakuaga. Alipita katikati yetu na ile aproni yake ya ngozi, akavuka barabara bila kugeuza shingo, pikipiki moja ikamkwepa na kumtukana, naye akashika njia ya hospitali kwa mbio ambazo sikujua kwamba bado anazo.

Mimi: Soli! Panda pikipiki, bwana! Soli!

Wahenga: Mwache. Mwenda pole hajikwai!

Dada: Ameondoka na kiatu changu.

Mimi: Atarudi nacho, dada. Sogea hapa, weka mguu juu ya tofali usikanyage majivu.

Kopo likalia. Soli hayupo, na amri yake ilikuwa bado ipo pale juu ya ubao. Wahenga aliliangalia rungu lake, akaniangalia mimi, akageuka polepole akaanza kulilinda ghala la mbao kwa bidii ambayo ghala lile halijawahi kuipata. Nikakibandua kifuniko kwa kucha.

Mimi: Haloo?

Muuguzi: Hatimaye! Ninyi ni watu wa namna gani? Nimepiga mpaka nimechoka!

Mimi: Tusamehe, dada. Sema tu. Imekuwaje?

Muuguzi: Haijawa chochote! Mgonjwa wenu amegoma. Daktari alikuja kumfungua, ameishika bandeji kwa mikono miwili. Daktari ameenda wodi nyingine, amerudi, bado ameishika. Anasema hafunguliwi mpaka mumewe asimame mbele yake. Anasema kama ni kuona, aanze na huyo, na kama ni kutoona, basi awe amemshika mkono. Sasa huyo mume yuko wapi?

Waya alikuwa ameweka sikio lake karibu na langu.

Mimi: Ametoka, dada. Anakimbia. Kasi yake tunaijua, ni kubwa kabisa. Mahali alipo ndipo hatuna hakika.

Waya akaninong'oneza kwamba hata hilo profesa alikuwa amelisema, ukiijua kasi ya chembe, ilipo hupajui. Nikamkata jicho. Kule upande wa pili nikasikia shuka zikichakarika, mtu anaomba simu, muuguzi anasema mama tulia, kisha ikaja sauti tunayoijua.

Shemeji: Kipara?

Mimi: Naam, Shemeji.

Shemeji: Umesema anakimbia?

Mimi: Anakimbia, Shemeji. Yuko njiani, usiwe na wasiwasi.

Shemeji: Huyo yuko pekupeku.

Mimi: Ah, Shemeji, hapana. Mtu mzima, tena fundi viatu?

Shemeji: Nakwambia yuko pekupeku, na mkononi kabeba kiatu cha watu. Namwona kabisa.

Tukainama wote wanne, hata yule dada na mguu wake mmoja juu ya tofali, tukachungulia chini ya meza. Viatu vya Soli vilikuwa pale, kimoja kimekilalia kingine.